Kebo Iliyotafunwa na Kindi

Elfriede Garises aliyasoma maneno yale mara tatu akiwa amesimama, chai ikimpolea mkononi. Yaliandikwa kwa wino mweusi kwenye daftari la zamu, chini ya tarehe ya jana: "Saa iliharibiwa na fundi wa hapa tarehe tisa Januari. Data za usiku kumi na mbili hazifai kitu. Naomba niletewe fundi mwingine kutoka kwetu." Ikafuata sahihi ya Daktari Brockmann, mtafiti mgeni kutoka ng'ambo, ndefu, yenye mkia.

Fundi wa hapa! Miaka minane ameitunza saa ile ya kituo cha darubini juu ya milima ya Khomas. Miaka minane ametoa nge kwenye masanduku ya umeme na vumbi kwenye kamera za darubini, na leo hana hata jina.

Mzee Kavari, fundi wa vioo ambaye kila mtu pale alimwita Tate, yaani baba, aliingia akitafuna nyama kavu.

"Umeyaona?"

"Nimeyaona, Tate."

"Usilie basi."

"Nani analia? Nataka kumrarua mtu."

"Rarua, lakini ubaki. Ukiondoka wewe, nani atakuwa ananiibia kwenye karata?"

Elfriede hakucheka. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kusema kweli. Asubuhi ya tarehe tisa kindi alitafuna kebo inayoleta majira ya setilaiti kwenye saa ya darubini. Kabla ya adhuhuri Elfriede alikuwa ameshafunga kebo mpya, ameipima, na ameandika yote daftarini, kindi na meno yake. Pale ndiyo desturi: kila unachogusa unaandika na kutia sahihi, na kilichoandikwa hakifutwi wala ukurasa hauchanwi. Wapo waliowahi kuvunja vitu wakanyamaza, nao wako kwao wanakula vyeo. Aliyeandika ndiye aliyekamatwa. Mnyonge hana haki, walisema wahenga, na siku hiyo Elfriede aliona walisema kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa kazi ya saa. Miali ya gama haifiki ardhini. Hufia juu hewani, na ikifa hutoa mmweko wa buluu mfupi mno kwa jicho la mtu. Darubini huunasa mmweko huo na saa huupiga muhuri wa wakati. Nyota waliyokuwa wakiifuata, Tanga, ni nyota iliyokwisha kufa ikabaki kuzunguka mara kumi na moja kwa sekunde. Ukiipanga mimweko kwa kufuata jedwali la mizunguko yake, pigo la nyota linajitokeza katikati ya takataka. Jedwali lenyewe hutoka kwa watu wa darubini za redio, ambao huisikiliza Tanga kila siku. Lakini tangu usiku wa tarehe tisa pigo lilikuwa limepotea. Brockmann akafunua daftari, akakuta habari ya kebo, akafunga kesi.

Elfriede alimkuta ofisini akipakua barua pepe huku akila mkate.

"Usikasirike, Elfriede," alisema kabla hajaulizwa. "Hii ni sayansi tu. Sina chuki na mtu."

"Kama ni sayansi, Daktari, mbona hukuipima saa? Umeniona mimi na bisibisi, basi, ukahukumu."

"Umebadilisha kebo, pigo likapotea siku hiyohiyo. Unataka nifikiri nini?"

"Nataka ufikiri! Ndiyo kazi uliyokuja kufanya."

Nje ya dirisha Tate Kavari, aliyekuwa akisafisha kioo kilichokwisha kuwa safi, alikohoa.

Elfriede akaweka kompyuta yake juu ya mkate wa watu. Kila jioni, wageni wakiwa bado mezani, alikuwa na mazoea ya kuielekeza darubini moja kwa dakika kumi kwenye nyota nyingine, Kaa, inayomweka mara thelathini kwa sekunde hata kwa mwanga wa kawaida. Jicho moja tu la katikati ya kamera lilitosha. Yeye aliita kazi hiyo kuisalimu saa: pigo la Kaa likisimama mahali pake, saa ni nzima. Mwaka jana Brockmann alimwambia aache, anapoteza muda. Hakuacha.

"Tarehe tisa hii hapa. Kumi. Kumi na moja." Alizifungua moja moja, na kila moja ilikuwa na pigo lililochongoka kama mwiba. "Saa ni moja, Daktari. Itawadanganyaje watu wa Tanga halafu iwaambie kweli watu wa Kaa?"

Brockmann aliinama karibu na kioo cha kompyuta. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu.

"Sasa niambie wewe," Elfriede aliendelea. "Jedwali lako la Tanga ni la lini?"

"La... Desemba."

"La Desemba! Na nyota hizi hujikwaa au hazijikwai?"

Hujikwaa. Hukaa miaka zikizunguka kwa adabu, kisha ghafla zikaongeza mwendo, na jedwali la zamani likawa karatasi ya kufungia maandazi. Brockmann alilijua hilo, aliwafundisha wanafunzi. Alifungua barua pepe zake zilizolundikana bila kusomwa, na humo ilikuwemo moja ya tarehe kumi kutoka kwa watu wa redio: Tanga imejikwaa mchana wa tarehe tisa, tumieni jedwali jipya.

"Nyani haoni kundule," sauti ilisema dirishani.

Walipoliweka jedwali jipya, pigo la Tanga liliinuka, usiku zote kumi na mbili. Brockmann akaruka kitini. "Ajabu! Tunazo data za kabla na za baada ya kujikwaa! Lazima niwapigie simu sasa hivi!" Hakusema samahani. Hakusema asante. Elfriede alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni.

"Daftari kwanza," alisema, akalitua mbele yake.

"Oo, ndiyo." Brockmann aliushika ule ukurasa kwa vidole viwili, tayari kuuchana.

"Usichane! Yakate kwa mstari, uandike chini yake. Kwa wino uleule."

Aliandika, Elfriede akiwa amesimama juu yake: Saa ilikuwa nzima. Jedwali lilikuwa la zamani. Kosa ni langu. Aliyegundua ni... Hapo kalamu ikasimama. Alimtazama Elfriede kwa haya kidogo.

"Samahani. Jina lako la ukoo ni nani?"

Kitambaa cha Tate Kavari kilikoma kwenye kioo.

"Fungua ukurasa wowote, Daktari," alisema Elfriede. "Wowote wa miaka minane. Liko chini."