Chaki Kwenye Kava

Fundi wa simu hakuinua kichwa. Alikuwa amejifunga taa kwenye paji la uso, mchana kweupe, na kwa sababu ya taa hiyo mtaa mzima ulimwita Daktari. Elimu nyingine haikujulikana. Ndani ya meza yake ya kioo simu mbovu zililala chali, zimefunguliwa matumbo, na kila moja ilikuwa na mwenyewe aliyeambiwa arudi kesho.

"Sema shida, mama."

Mama Sare akaisema. Alikuwa mshonaji, na jina hilo alilipata kwa sare za shule alizozishona miaka kumi na minane kwenye chumba chake cha mbele. Tangu wiki iliyopita, kila aliyempigia alilalamika kwamba sauti yake inasikika kama ya mtu aliyejifunika blanketi gubigubi. Mwalimu mkuu wa shule mpya alikuwa amempigia mara mbili juu ya sare za wanafunzi mia mbili, na mara zote mbili alikata. Kisha akamtumia ujumbe: angepiga leo saa kumi, waongee kwa mdomo. Wasiposikizana, kazi ingekwenda kwa mshonaji mwingine. Na sasa ilikuwa saa tisa na nusu.

Daktari aliishika simu kwa vidole viwili, kama kitu kilichookotwa mtaroni. Akaipigia kwa simu yake mwenyewe.

"Ongea."

"Niongee nini?"

"Hicho hicho." Akasikiliza kidogo, akakata. "Maiki imekufa. Nyinyi watu wa cherehani mnachokonoa vitundu kwa sindano, halafu mnatuletea maiti. Iache siku tatu."

"Sijachokonoa kitu."

"Wote husema hivyo."

Mama Sare aliomba kimoyomoyo apewe ulimi mpole. Hakupewa.

"Daktari, umeitazama?"

"Nimeisikia. Inatosha."

"Mimi mteja akiniambia gauni linambana, namwambia alivae nilione. Simshonei lingine nikiwa nimekaa."

"Gauni ni gauni, mama. Hii ni teknolojia." Alilitamka neno hilo polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Mama Sare akaichukua simu yake. Ilianza lini? Alirudi nyuma siku moja moja, kama anavyofumua mshono kutafuta mahali ulipopotoka, mpaka akafika Jumatano ya wiki iliyopita. Jumatano alikuja hapa hapa kununua kava, na Daktari akaibana simu ndani yake kwa nguvu za mikono miwili. Jumatano jioni dada yake akamwuliza kama anaumwa koo.

Akaigeuza. Tundu la kamera na la maiki yalikuwa yamekatwa kwa chuma cha moto, kingo zake zimejikunjakunja. Mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza angekata hivyo, angefumua kazi yote na kufagia chumba.

"Hii ni kava ya simu gani?"

"Inaingia."

"Nimekuuliza ni ya simu gani."

"Zinafanana, mama."

"Hata mabega yangu na yako yanafanana. Njoo basi uvae blauzi yangu."

Akaivua simu ile kava, akatoa kipande cha chaki ya kushonea kwenye mfuko wa aproni. Mshonaji akitaka kujua tundu la kifungo litobolewe wapi, hakisii. Hupaka chaki kwenye kifungo, hukikandamiza kwenye kitambaa, na chaki yenyewe humwonyesha. Mama Sare alipaka ukingo wa chini wa simu, akizunguka kitundu cha maiki bila kukigusa. Akairudisha kwenye kava, akakandamiza, akaivua tena.

Ndani ya kava palikuwa na duara jeupe, na katikati yake doa safi lisilo na chaki. Doa lilikaa juu ya plastiki nzima. Tundu la kava lilikuwa kando, umbali wa upana wa kidole kizima, likisikiliza hewa.

"Hapa ndipo mdomo wangu ulipo," alisema. "Na hapa ndipo ulipotoboa."

Daktari alizima taa ya usoni, akaiwasha tena. "Inaweza ikawa hiyo. Au maiki."

Mama Sare alikuwa anaifuta chaki simu ilipoita. Mwalimu mkuu aliwahi kwa dakika kumi. Aliipokea palepale, simu ikiwa uchi mkononi.

"Naam, mwalimu."

"Leo nakusikia vizuri kabisa."

"Washonaji siku hizi wanajua kila kitu," Daktari alinung'unika nyuma ya kioo.

"Na huyo ni nani?"

"Ni fundi, mwalimu. Alikuwa ananiambia maiki imekufa."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Wakakubaliana Jumatatu Mama Sare aende shuleni na futi yake ya kupimia, aanze na darasa la kwanza.

"Kava unaiacha?" Daktari aliuliza, macho yakiwa kwenye bisibisi.

"Mwuzie asiye na la kusema."

Akaondoka. Alipofika kwenye kona aligeuka na kumwona Daktari akiisugua ile chaki kwa kidole gumba. Kisha Daktari akaitundika kava kwenye msumari wa mbele, pamoja na zile mpya.

Mama Sare alisimama. Akavuta pumzi, akamwambia Mungu kwamba alikuwa amekwisha kuondoka kwa amani, Yeye mwenyewe ameona. Kisha akarudi, akaitungua kava na kuitia kwenye mfuko wa aproni. Ingefaa kuwekea vipande vya chaki.