Cha Juu cha Mbwana

Munira alikuwa amechoka kulala kwenye mabenchi ya watu. Kazi yake kupika harusini, leo Kibaha, kesho Chalinze, na akishaosha masufuria hana pa kuegesha ubavu. Ndiyo maana aliposikia Ubungo kunauzwa basi dogo lenye kitanda, jiko na sinki humo humo ndani, moyo ulimruka. Aliyelipata ni mdogo wake Mbwana, kupitia dalali aitwaye Brightson.

"Milioni kumi na nane, dada. Hapo nimekupigania mpaka sauti imekauka."

Walipofika, gari lilikuwa limepulizwa marashi ya kukaba koo. Munira akabonyeza ukuta juu ya kitanda. Plaiwudi ikabonyea kama mkate uliolowa.

"Paa linavuja hili."

"Kadoa tu hako, sista," Brightson alijibu, macho kwa Mbwana. Tangu wafike alizungumza na Mbwana tu, kana kwamba mwenye hela kabaki nyumbani Mwananyamala.

"Mwenye gari yuko wapi?"

"Hapendi usumbufu."

"Mie sinunui gari la mtu nisiyemjua. Aje, au naondoka."

Brightson akapiga simu kwa shingo upande. Akaja mama mtu mzima kutoka mtaa wa pili, Demetria, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mumewe. Gari hilo ndilo lililokuwa likiwapeleka Bukoba kila Krismasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekwambia paa linavuja? Nilimsisitiza huyu kijana asimfiche mtu. Ndiyo maana nikasema kumi na mbili."

Munira akamgeukia dalali.

"Cha juu ni kawaida, sista," Brightson akasema. "Na wala hakikuwa changu peke yangu."

Mbwana akainamia viatu vyake.

Damu ikamchemka Munira. Dalali ni dalali, hakumtegemea kwa lolote. Lakini huyu! Huyu Munira alimlea mwenyewe baada ya mama yao kufa, akamsomesha kwa kupika pilau za watu.

"Ungeniomba, Mbwana! Lini uliniomba nikakunyima?"

"Dada, punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Tumenyonya ziwa moja, leo unagawana jasho langu na mtu baki!"

Mbwana akanyoosha mkono amshike bega. Munira akaupiga ule mkono, ukadondoka.

Demetria ndiye aliyemvuta pembeni. Hata hivyo akili ya Munira ilikuwa kazini: akataja gharama ya paa jipya, mama akapunguza milioni nzima. Fundi alipolikagua gari na kusema injini iko salama, wakaandikishana.

Mtaani wakampongeza kwa bei ile. Kila pongezi ilimchoma upya.

Ijumaa iliyofuata, safari ya kwanza ya Chalinze, Mbwana akatokea mlangoni kama kawaida yake, tayari kupakia masufuria.

"Dada, nisamehe."

"Siku nikiweza, nitakuita," Munira akasema. Akapakia mwenyewe, sufuria moja moja, akafunga mlango na kuwasha gari.