Mlezi wa Mchonga Funguo

Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, mchonga funguo alifunga kibanda chake, akaning'iniza kibao cha NARUDI SASA HIVI, akavuka barabara kwenda chuoni kuulizia mkopo wa ada. Hakuhitaji kuonyeshwa njia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amechonga funguo za chuo kile: za madarasa, za maabara, za choo cha walimu, na ufunguo wa kabati la ofisi ya mikopo, ambao karani alikuwa akiupoteza karibu kila muhula. Mkobani alikuwa na barua ya kumkubali kusoma uhandisi wa mitambo, imekunjwa mara mbili. Ilisema masomo yangeanza baada ya wiki tatu, na ambaye siku hiyo hangekuwa na ada wala mkopo, nafasi yake ingepewa mwingine.

"Shikamoo mama," alisema karani, kijana aliyepiga pasi mikono ya shati tu na kuliacha shati lenyewe.

"Marahaba mwanangu. Nimeleta fomu."

Karani aliipitia kwa ncha ya kalamu hadi kwenye kisanduku cha *anayejitegemea*, akasimama hapo.

"Hapa umekosea."

"Nina miaka thelathini na tisa. Kodi ya chumba najilipia tangu nina ishirini."

"Hayo ni maisha, mama. Kujitegemea ni kitu kingine." Akageuza ukurasa akamsomea: anayejitegemea ni aliyefunga ndoa, au mwanajeshi, au mwenye vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili.

"Sijaolewa. Cheti cha mama ninacho. Baba alitoka kwenda kununua betri za redio nikiwa na miaka sita."

"Akafa?"

"Hakurudi."

"Basi bado yuko njiani," alisema karani, wala hakusema kwa ubaya. "Tutahitaji karatasi yake ya mshahara."

"Mimi mwenyewe nina mtoto. Amemaliza sekondari."

"Mtoto si kiambatisho, mama."

Akachukua rula, akakikata kile kisanduku kwa mstari ulionyooka, akatia alama kwenye kilichofuata: *mtegemezi*.

Mchonga funguo alipofika katikati ya barabara, sketi ilimlegea kiunoni. Alipofika kibandani alikuwa ameishika kwa mkono. Kwenye kile kioo kidogo cha kuwaonyesha wateja upande wa nyuma wa kitasa, alijitazama akaona mvi zake nne hazipo. Alijikadiria miaka ishirini na sita.

"Ni ile fomu?" aliuliza fundi viatu wa kibanda cha jirani, misumari midomoni.

"Ndiyo."

"Shemeji yangu ilimteremsha umri mpaka akaanza kung'oka meno ya utoto. Kuwa mwangalifu, dada. Ukirudi mara ya pili ndiyo inakula zaidi."

"Sasa hivi ni dada? Asubuhi umeniita shangazi."

"Mimi nasema ninachokiona."

Nyumbani, kwenye chumba chao chenye pazia katikati, binti yake alimzunguka mara moja, akachomoa pini kwenye kola yake mwenyewe, akaanza kumpunguzia sketi.

"Simama wima, mama. Kwani ulitaka nini huko, urembo?"

"Nilitaka mkopo."

"Basi urembo umekuja kwanza."

Alhamisi alirudi chuoni na hati ya kiapo, imegongwa mhuri na wakili, kwamba hajamwona baba yake kwa miaka thelathini na mitatu. Karani alimwita dada na kumuuliza habari za kazi. Akasema hati ni nzuri sana, ila inathibitisha kwamba baba hajaonekana, haithibitishi kwamba halipwi. Mchonga funguo akatoka pale na miaka kumi na minne na chunusi mbili kidevuni.

Jumatatu iliyofuata alipeleka barua ya mwenye nyumba na stakabadhi za kodi, bunda zima, limefungwa kwa mpira. Safari hii umri ulianza kushuka tangu mlangoni, akalazimika kunyoosha shingo ili macho yafike juu ya kaunta.

"Shikamoo," alisema yeye.

"Marahaba. Kaa hapo kwenye kiti, mtoto mzuri."

Alikaa. Wakati karani akizisoma stakabadhi moja baada ya nyingine, miguu ya mchonga funguo ilijivuta taratibu kutoka sakafuni, ikabaki ikining'inia. Alipofikia miaka sita alikumbuka sura ya baba yake. Tangu ukubwani hakuwahi kuipata. Alichokumbuka ni koti tu na harufu ya sabuni. Sasa ilikuja yote kwa pamoja.

"Nimemkumbuka baba," alisema. "Ana kidoti hapa. Akicheka anafumba jicho moja. Viatu anafunga kamba huku anaimba, halafu anasahau mguu wa pili."

Karani aliweka kalamu chini akamsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu mwema.

"Sura haina mhuri," alisema.

Mlinzi wa getini ndiye aliyemvusha barabara, kwa kuwa watoto hawakuruhusiwa kuvuka peke yao. Alimshusha mbele ya kibanda akamkumbusha kwamba kufuli la geti linakwama, aliangalie akipata nafasi.

Siku zilipita mpaka zikabaki nne masomo yaanze. Binti alichukua fomu, akaketi nayo mlangoni, akaisoma yote hadi ukurasa wa mwisho ambao hakuna aliyewahi kuufikia. Sehemu ya mwisho kabisa ilikuwa ya mlezi. Mlezi, ilisema, ni mtu mzima yeyote anayeishi na mwombaji na kumpikia. Binti alikuwa ametimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita, na kitambulisho chake kilikuwa bado kinanukia plastiki.

"Nani anakupikia?" alimuuliza mama yake.

"Wewe. Siifikii sufuria."

"Vaa viatu."

Walikwenda wameshikana mikono. Binti alivaa viatu vya kazini vya mama yake, ambavyo vilimkaa sawasawa.

"Kipato chako?" aliuliza karani.

"Sina."

Karani akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu fomu ile imfikie. "Mlezi hana kipato! Sasa kwa nini mlikuwa mnajisumbua wiki zote hizi?" Akagonga mhuri mara tatu. Mkopo ukapita kwa dakika kumi, na nyingi kati ya hizo alikuwa akitafuta ufunguo wa kabati. Alieleza kwamba umri wa mwanafunzi utahifadhiwa ofisini na kurudishwa pamoja na cheti siku ya mahafali, na kwamba marejesho ya mkopo yanaanza umri ukisharudi.

"Na asipomaliza masomo?" aliuliza binti.

"Atakua taratibu, kama watoto wengine."

Siku ya kwanza mchonga funguo aliingia darasani kwa mlango ambao kitasa chake alikijua kwa jina. Alikalia sanduku lake la vifaa, lililowekwa juu ya kiti. Mwalimu aliita majina, akamwona, akasema wa mbele wamwachie nafasi aone ubao. Kwenye karakana hakuna aliyemfikia kwa tupa. Wenzake walimwazima vitabu na kumfungia zipu ya koti. Alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi, na kwa sababu alikuwa na miaka sita, alifurahi kwa kurukaruka. Jioni alichonga funguo akiwa amesimama juu ya kreti la soda.

Katikati ya muhula matokeo ya mtihani wa binti yakatoka. Alikuwa amefaulu vizuri, na amekubaliwa uuguzi chuoni palepale. Alijaza fomu kwa mwandiko wa kumpendeza mwalimu, akavuka barabara.

"Wewe huna haja ya mzazi," karani yule yule alimwambia. "Unajitegemea."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposaini. Una mtegemezi, yuko humu kwenye kabati." Akachukua rula. "Anayejitegemea anajilipia. Ndiyo maana ya neno lenyewe."

Mchonga funguo alikuwa mezani akifanya hesabu za nguvu na mizigo aliposikia hatua mlangoni, nzito, za mtu anayeanza kuuhisi mgongo. Mwanamke akaingia akaweka mkoba chini.

"Shikamoo," alisema mchonga funguo, kabla hajainua kichwa.

"Marahaba," alijibu binti yake, kabla hajafikiri.

Wakatazamana. Wakacheka mpaka binti akalazimika kuketi. Kisha akainamisha kichwa, na mama yake akapekua nywele zake kwa vidole vidogo. Alihesabu mvi nne. Aliposhika mkono wa binti aliona, kwenye kidole gumba, lile kovu ambalo tupa ilimwachia yeye mwaka wa tatu wa kazi.

"Hivi vyote ni vyangu," alisema.

"Naona. Kiuno nacho unakitambua?"

"Hicho ni cha kukaa kwenye kigoda. Weka mto."

Asubuhi binti alifungua kibanda. Hakufundishwa, mikono ilijua. Fundi viatu alimwamkia shangazi, akamuuliza kama ana misumari midogo.

Saa nne akaja karani. Alikuwa amepoteza ufunguo wa kabati. Binti alibana ufunguo mpya kwenye jiliwa, akachonga, akapuliza vumbi la shaba, akampa.

"Na mimi nijaribu tena lini?" aliuliza.

"Mwakani," alisema karani, akiutia ufunguo mfukoni. "Ila uje na mzazi, huenda ikasaidia."

"Nipo," ilisema sauti kutoka chini ya meza, ambako mchonga funguo alikuwa akimalizia mchoro wa gia kabla ya kipindi cha saa tano.

Karani akainama, akamtazama kwa upole.

"Mzazi mtu mzima, mtoto mzuri," alisema, akaenda zake. Mchonga funguo akaomba kifutio.