Mti wa Bibi wa Hadong

Siku ambayo vyura huamka kutoka usingizi wa baridi, Jeongim alikuwa uani akisugua mitungi ya sosi ya soya kwa nyasi kavu. Alipoinua macho akaona mti umesimama juu ya kaburi la mavyaa wake. Jana yake haukuwapo. Ulikuwa mti mzima, shina unene wa kiuno cha mtu, na matawi yote yamejaa maua ya manjano kabla ya jani hata moja. Jeongim aliumaliza mtungi aliokuwa nao, akaufunika, kisha akavaa viatu akaenda kuutazama.

Kijijini Norugol hakuna aliyeuliza mti ulikujaje. Miti hutoka ardhini, na huu nao ulitoka ardhini. Walichotaka kujua ni mti gani, kwa sababu chini ya milima ile baridi inapoanza kukatika miti miwili huchanua manjano kwa wakati mmoja, ikafanana kama pacha. Mmoja ni sansuyu, ambao matunda yake mekundu ni dawa na ndiyo yaliyosomesha watoto wa kijiji tangu enzi za mababu. Huo ni mali ya ukoo, na kuukata ni mwiko. Wa pili ni tangawizi-mwitu, mti wa porini usio na mwenyewe, ukisimama vibaya hukatwa kuni. Na huu ulisimama vibaya kweli, katikati ya kiwanja ambacho ukoo wa Pyo ulitaka kukimwagia lami ili wageni wa sikukuu ya maua wapate pa kuegesha magari.

Kaburi lenyewe halikuwasumbua. Lilikuwa kichuguu cha nyasi kisicho na jiwe. Aliyelala pale aliingia nyumbani kwa mzee Pyo baada ya mke wa kwanza kufariki, akaingia bila harusi, kwa hiyo ukoo haukumhesabu. Walimwita Bibi wa Hadong, kwa mji alikotoka. Alipokufa walisema kule kilimani walikozikwa wazee wa ukoo hapakuwa na nafasi. Nafasi ilikuwapo. Jeongim aliiona kwa macho yake, ungeweza kulaza fahali.

Kazi ya Bibi wa Hadong ilikuwa ile ya wanawake wote wa Norugol. Majira ya baridi walikaa kwenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini, wakatia tunda la sansuyu mdomoni, wakaling'ata kwa meno ya mbele, wakatema kokwa huku na nyama yake kule, kutwa nzima. Meno yalisagika na fizi ziliungua kwa uchachu. Vijana wa vijiji jirani walitania kwamba busu la msichana wa Norugol ni dawa tosha, hutahitaji mganga. Kwa meno hayo Bibi wa Hadong aliwasomesha wana wa mke wa kwanza, pamoja na mmoja aliyemzaa mwenyewe, ambaye ndiye marehemu mume wa Jeongim. Fizi zikimuuma alizisugua kwa kipande cha tangawizi.

Mkubwa wa wale wana, Inseop, sasa ndiye mwenyekiti wa ukoo. Alifika saa nne akiwa na bwana miti wa wilaya na mtu wa msumeno. Bi Gapsun, jirani, naye alijikokota akaja, kwa kuwa hakuwa na shughuli nyingine.

Bwana miti alipapasa gome. Lilikuwa likibanduka magamba, kama gome la sansuyu. Akatazama maua, kila moja limesimama juu ya kikonyo chake, kama ya sansuyu. Inseop hakuridhika. Alivunja kijiti, akakinusa, akampa bwana miti naye anuse. Kilinuka tangawizi.

"Tangawizi-mwitu," akasema Inseop. "Shemeji, usininunie. Mti wenyewe ndio umesema."

"Haujamaliza kusema, shemeji," Jeongim akajibu. "Ngoja matunda."

Inseop akacheka, akasema matunda ni ya vuli na lami inakuja Jumatatu. Jeongim alikwenda nyumbani akaleta mkeka, akautandika chini ya mti, akaketi. Alimjua mavyaa wake. Hakuwa mtu wa kulaza kazi.

Kufikia adhuhuri maua yalikuwa yamepukutika, na wote walipokuwa wakila wali uliofungwa kwa mwani, matunda yaliiva. Tangawizi-mwitu huzaa vitunda vyeusi. Haya yalikuwa mekundu. Yalianza kuanguka, nyama upande wa kulia wa mkeka na kokwa upande wa kushoto, tayari yametenganishwa. Bwana miti alisema hilo litapunguza kazi sana.

Bi Gapsun aliokota nyama ya tunda akaisogeza karibu na macho. Ilikuwa na alama za meno, na moja ilipungua pembe.

"Jino la Bibi wa Hadong," akasema. "Alilivunja mwaka ule ulipoingia chuo, Inseop. Asante ya punda ni mateke."

Inseop aliitazama alama ile. Aliijua. Akamwashiria mtu wa msumeno arudi garini, akatangaza kwamba mti ni sansuyu, ni mali ya ukoo, na lami itauzunguka.

"Mti ni wa ukoo," Jeongim akasema. "Na aliyelala chini yake? Anaitwa Kang Bunrye. Mgala muue na haki yake mpe."

"Shemeji, mti umeupata," Inseop akasema kwa upole. "Tusichanganye mambo."

Leo mti umezungushiwa uzio na kibao kizuri cha mbao: Mti wa Mzee Pyo. Wageni hupiga picha hapo. Kila majira matunda huanguka bila kokwa, vijana wa ukoo huja na magunia, na bei yake ni nzuri. Kichuguu bado hakina jiwe.

Jeongim haendi kwenye sikukuu. Jioni huacha kipande cha tangawizi shinani, na asubuhi hukikuta kimeng'atwa.