Jua Lililobaki Jichoni mwa Penina

Asubuhi ya kupatwa kwa jua, Penina alikuwa barazani kwake Nkuhungu akichambua mlenda. Katika jicho lake la kushoto jua lilikuwa linawaka kama siku zote, dogo kama punje ya mtama, limemegwa upande mmoja. Lilimwingia utotoni, siku jua lilipopatwa akichunga mbuzi kule Chemba. Shule hakupelekwa; mbuzi wangechungwa na nani?

Tangu hapo jicho hilo halikuona kingine ila asubuhi ile: mbuzi, marehemu mama akipepeta mlangoni, na kijana mwenye daftari akienda shule bila kugeuka nyuma. Aliyeinama karibu naye aliyaona pia. Umeme ukikatika, wapangaji walimwita awamulikie wakitafuta kibiriti.

Kaka yake Gerson, mwalimu mstaafu, alifika na kadi aliyoitoboa kwa sindano. Akawageuza majirani, jua likawa mgongoni mwao. Mwanga ukapenya tunduni, ukaangusha kijijua kilichomegwa juu ya karatasi.

"Mwezi unapita kati yetu na jua," alisema. "Leo haujalenga katikati, ndiyo maana unalimega tu. Msilitazame. Miwani ya urembo haisaidii, wala kioo cha moshi. Jicho huungua bila kuuma."

"Mwalimu, haka kajua kadogo kama yai la chawa!" alisema Nasra, mpangaji. "Sisi tunakwenda kwa bibi."

Wakapanga foleni. Penina aliweka mlenda chini, akainua kidevu.

"Shikamoo, bibi. Usipepese basi."

"Marahaba. Tazama upesi, wenzio wanangoja."

Gerson naye alipanga foleni. Zamu yake ilipofika, Penina alimuuliza, "Kaka, hayo ya kadi ulifundishwa lini?"

"Siku moja kabla ya lile la Chemba. Na siku yenyewe walitufungia darasani, madirisha yamezibwa magunia."

"Na asubuhi tulikunywa uji bakuli moja."

"Tulikunywa."

"Ukaniambia nini?"

"Nilikwambia mbuzi wasiingie shamba la watu."

"Hawakuingia," alisema Penina.

Gerson akainama, mikono magotini. Alitazama muda mrefu kuliko wote, mpaka nyuma yake wakaanza kuguna.

"Mama anapepeta," alisema, na sauti yake ilikuwa laini. "Kumbe alikuwa na ule ungo mkubwa."

"Ndio huo. Na yule anayekwenda shule?"

"Simwoni," alisema Gerson, akampisha Nasra.