Jiwe la Kaka

Mimi nikiwa na jambo rohoni sikaliki. Mchana ule niliinuka kitini, nikafungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena, mpaka mama akaniuliza kama nimeingiwa na siafu. Yeye alikuwa sebuleni anakunja nguo zilizoanuliwa. Baba alikuwa amejilaza chumbani.

Jambo lenyewe ni hili. Kazi yangu ni kupiga picha anga kwa darubini. Unapiga kipande kilekile mara kadhaa, kisha unazilinganisha picha: nyota zote zimetulia, ila kijidoa kimoja kimesogea. Hicho ni asteroidi, jiwe linalozunguka jua na wenzake kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Langu nililiona kabla ya mtu yeyote duniani, nikapiga ukelele hadi mwenzangu wa kazini tunayemwita Miwani akamwaga chai.

"Lipe jina la mama mkwe wangu," akasema. "Ni gumu, ni baridi, na ukilikimbia litarudi tu."

Aliyeligundua ndiye anayependekeza jina, njia yake ikishajulikana vizuri na likapewa namba. Jina nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza: la kaka yangu. Lakini kamati inayoidhinisha majina haipokei jina kavukavu, inataka na maelezo mafupi, huyo mtu alikuwa nani. Na mimi sijui! Nilikuwa bado nanyonya kidole alipogongwa na lori, na mama ndiye aliyemtuma dukani. Tangu hapo jina lake halitajwi nyumbani kwetu. Baba alijaribu mara moja, mama akasusa chakula, baba akafyata ulimi. Basi nikawa naahirisha mwaka hadi mwaka, na sasa haki yangu ya miaka kumi inaisha kesho. Ikishaisha, yeyote anaweza kupendekeza jina lake, hata Miwani na mama mkwe wake.

Nikapiga moyo konde. "Mama, lile jiwe nililoligundua..."

"Nalijua. Umelitangaza mtaa mzima."

"Nataka kulipa jina la kaka."

Mikono yake ikasimama juu ya shati la baba. "Hapana."

"Mama, nisikilize kwanza."

"Nimesema hapana! Watu wasiomjua wawe wanamtajataja hovyo?"

"Hata mimi simjui!" Nilishindwa kujizuia, nikapayuka. "Ni kaka yangu wa tumbo moja na sina hata neno moja la kuandika! Mmemzika kule, mkamzika tena humu ndani!"

Aliketi palepale, juu ya nguo alizokwisha kukunja. Nikaogopa. Nilitamani kutoka nje nikimbie, lakini nikabaki nimesimama nikibofyabofya kalamu. Nilidhani atalia.

"Andika alikuwa mwongo," akasema.

"Mama!"

"Andika. Mwongo wa kupindukia. Ukimtuma hapo jirani anapotelea huko, halafu anarudi na hadithi. Mara kakuta mbuzi amepanda juu ya gari, mara muuza duka kajifungia ndani akasahau ufunguo. Mimi nafoka, kumbe nacheka moyoni. Mkate wenyewe kausahau." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Siku ile alipochelewa sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikaa hapa nangojea hadithi."

Sikuweza kuandika. Machozi yalikuwa yananitiririka, na sikuyafuta.

"Haya, usinililie, andika," akasema. "Andika alikuwa anatuchekesha. Kamati itaelewa?"

"Itaelewa, mama."

"Na jina uliandike lote, lile la shule na lile tulilomwita sisi." Akavuta pumzi, akayataja yote mawili, kwa sauti kama ya kumwita mtu aliye uani.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Baba akatoka miguu mitupu, akashika ukuta, macho yake kwa mama.

"Sema tena," alisema.