Kifaru Siku ya Kombe

Dada yangu aliitwa Kifaru kwa miaka kumi na tisa, na waliompachika jina hilo walikuwa wameshaonja kubebwa na kutupwa. Siku za kazi alikuwa fundi wa matairi ya malori katika karakana iliyo nyuma ya soko la mbao. Jumamosi alikuwa bingwa wa mieleka wa wanawake. Mimi ni mdogo wake, kinyozi, na mama husema nilizaliwa nikiwa katikati ya maongezi. Kwa hiyo dada alipoanza kupanda ulingoni, mimi nilikabidhiwa kipaza sauti, nikawa mtangazaji wao.

Wateja wangu wakishafungwa kitambaa shingoni huniuliza swali lile lile: ile mieleka yenu ni ya kweli? Huwajibu kwamba mshindi huwa tumeshakubaliana, ila mbao za ulingo hazijaambiwa. Mtu akiinuliwa juu ya kichwa cha mwenzake na kuachiwa, anaanguka kweli. Kinachomwokoa ni mikono ya yule mnayeambiwa ni adui yake. Na mikono yenye uangalifu kama ya dada sijaiona tena. Miaka yote ile, hakuna mwanamke aliyepigana naye akarudi nyumbani na zaidi ya chubuko. Sifa hiyo ilimfurahisha kuliko mkanda wa ubingwa.

Mkanda wenyewe ulikuwa umeshapata mrithi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mkandaji wa unga katika kiwanda cha mikate, mwepesi kama kijiti cha kiberiti, ndiyo maana tukamwita Cheche. Dada alimfundisha kwa miaka mitatu. Alimfundisha kuanguka kabla hajamfundisha kurusha. Sasa dada amefika arobaini na tatu, magoti yanalia kama bawaba, akaamua: Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, katika ukumbi mkubwa wa barabara kuu, Cheche atamshinda mbele ya watu na kuchukua mkanda. Tulibandika matangazo mji mzima. Tulitarajia watu mia sita.

Jumatano ya wiki hiyo hiyo, timu ya mji wetu ikatwaa ubingwa wa ligi.

Naomba nisihukumiwe, na mimi nililia. Miaka ishirini na saba tulikuwa tunaungoja ubingwa ule. Nilikuwa na mteja kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, tukakumbatiana hivyo hivyo na wembe mkononi. Kesho yake ikatangazwa kwamba wachezaji watapitishwa mjini na kombe lao, juu ya gari la wazi. Siku: Jumamosi. Saa: tisa alasiri. Njia: barabara kuu, mbele ya mlango wa ukumbi wetu.

Nilikwenda mbio karakanani. Dada alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo ilionekana.

"Dada, tuahirishe," niliiambia ile miguu. "Hakuna atakayekuja. Hata mimi kama si ukoo nisingekuja."

"Tumetangaza Jumamosi?" sauti ikauliza kutoka chini.

"Tumetangaza, lakini..."

"Basi ni Jumamosi. Nipe spana namba kumi na tisa."

Nikampa. Dada alikuwa na tabia ya kuyamaliza mabishano kwa kukutuma kitu.

Jumamosi mji ulivaa nyekundu na nyeupe kuanzia alfajiri. Tulipofika ukumbini, barabara ilikuwa imeshafungwa kwa magari, na watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Matarumbeta, ngoma, mavuvuzela, fataki zinazopasuka kila dakika. Mtu ukitaka kumwambia mwenzako neno unamshika sikio kwanza. Jozi mbili za wanamieleka zilikwama njiani zisifike kabisa. Ilipotimia saa tisa nilichungulia kupitia pazia. Ukumbi wa viti mia sita ulikuwa na watu arobaini na mmoja. Niliwahesabu mara mbili, nikiombea niwe nimekosea.

Dada alikuwa anafunga bendeji magotini. Nikamwambia idadi.

Akakaza bendeji, akasema, "Watu arobaini na mmoja wamepenya katikati ya kelele zote hizo, wakaacha kombe la miaka ishirini na saba, wakaja kutuona sisi. Unajua hao ni watu wa aina gani?"

"Watu waliopotea njia," nikasema.

Akacheka, akanipiga kofi la mgongo lililonifikisha karibu na ukutani. "Watangazie kama wako elfu nne. Sisi tutapigana kama wako elfu nne."

Na walipigana hivyo. Nimetangaza mapambano zaidi ya mia mbili, na lile la siku ile, kabla halijaharibika, lilikuwa zuri kuliko yote. Dada alimrusha Cheche kutoka kona hadi kona, na kila mara mkono wake ulikuwa umeshatangulia chini ya kichwa cha yule binti, jambo usiloliona mpaka uwe umezoea. Cheche akamzunguka kama feni. Wale arobaini na mmoja walisimama juu ya viti. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyevaa jezi ya timu, alisahau kabisa kilichokuwa kinapita nje.

Kilibaki kitendo cha mwisho. Cheche alitakiwa apande juu ya nguzo ya kona, aupe ulingo mgongo, kisha ajirushe kinyumenyume na kubinuka hewani. Dada ampokee kifuani, waanguke pamoja, dada awe chini, mwamuzi ahesabu hadi tatu, mkanda ubadilishe kiuno. Kwa kuwa Cheche asingeweza kumwona, waliwekeana ishara: dada akiwa tayari atapiga turubai la ulingo kwa kiganja mara mbili. Pa, pa. Hapo ndipo aruke. Walikuwa wamekifanyia mazoezi mara nyingi hivi kwamba Cheche alikuwa anaruka hata akisikia mtu anagonga mlango.

Alipanda nguzoni. Dada alikuwa bado amepiga magoti katikati ya ulingo, ameangalia upande mwingine, anavuta pumzi. Nje, mbele kabisa ya mlango wetu, zikapasuka fataki mbili. Pa, pa.

Cheche akaruka.

Mimi niliona yote, kipaza sauti kikiwa mkononi. Yule binti alikuwa hewani, kichwa chini, na chini yake hapakuwa na mtu. Kilichomgeuza dada sikijui. Kivuli, labda, au mlio wa kamba. Hakuwa na muda wa kusimama, kwa hiyo hakujaribu. Alijitupa kwa magoti yale yale mabovu, akateleza kwenye turubai kama mlinda mlango, akafika chini ya Cheche akiwa chali, mikono imefunguliwa. Uzito wote ulimwangukia begani. Nilisikia mfupa. Kwa kelele zote zile za mji, nilisikia mfupa.

Cheche aliinua kichwa, mzima, macho yamemtoka. "Dada Kifaru! Nimesikia ishara, wallahi nimesikia!"

"Nilalie," dada akasema kwa meno yaliyofungwa. "Usiondoke. Nilalie."

Mwamuzi wetu akainama. Huyu alikuwa mzee mwembamba, siku za wiki akichezesha mpira wa watoto wa shule, na filimbi yake haikuwahi kutoka shingoni. Aliuona uso wa dada, akainua mikono kusimamisha pambano.

"Hesabu," dada akamwambia.

"Mwanangu, umeumia."

"Ni bega tu. Binti huyu amefanya kazi miaka mitatu. Hesabu."

Mzee akahesabu. Alipiga turubai mara tatu huku machozi yanamtoka, na mimi nikatangaza bingwa mpya kwa sauti ambayo sijui niliipata wapi. Watu arobaini na mmoja walipiga kelele za watu elfu nne. Dada akajaribu kuinuka ashike mkono wa Cheche na kuunyanyua, kama desturi. Alifika nusu, akawa mweupe midomoni, akaanguka tena.

"Vidole sivisikii," alinong'ona nilipomfikia. "Vya mkono huu. Usimwambie mama."

Mwamuzi alikuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza. Alisema asiinuliwe kwa mikono, alazwe juu ya kitu kigumu, shingo isitikisike, apelekwe hospitali sasa hivi. Tuling'oa mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, tukamlaza juu yake, tukamfunga kwa mikanda na taulo. Watazamaji wanane wakashika pembeni, tukatoka.

Barabara ilikuwa ukuta wa watu. Hospitali ilikuwa mbele, mwendo wa dakika kumi siku ya kawaida, na gari la wagonjwa lisingepita, labda liote mabawa. Nikapiga kelele. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusikika, sikujisikia mwenyewe. Watu walituona, wakatucheka, wakadhani ni mchezo: mwanamke mkubwa aliyevaa nguo ya kumetameta, amefungwa juu ya mlango. Mmoja akaanza kumwimbia.

Hapo yule mzee akaweka filimbi mdomoni. Akapuliza mara tatu, ya mwisho ikiwa ndefu, kama anavyopuliza mpira unapomalizika.

Watu wale walikuwa wamekesha siku tatu wakikumbuka filimbi ya namna hiyo. Walinyamaza. Si wote, lakini wa karibu walinyamaza, wakageuka. Cheche alikuwa amesimama juu ya ngazi za ukumbi, mkanda mpya kiunoni, rangi za usoni zimechuruzika mpaka kidevuni. "Ameumia kweli!" akapaza sauti. "Ameumia kwa kuniokoa mimi! Tupisheni, jamani, tupisheni!"

Mbele yetu alikuwepo mama mmoja mnene, kiongozi wa washangiliaji, ngoma kubwa imemning'inia tumboni. Alimwangalia Cheche, akamwangalia dada, akaona jasho lililokuwa linamtoka. Akaishusha ngoma.

"Nafasi ya kupisha haipo," akasema. "Mtoeni mikononi mwenu. Mpeni huku." Kisha akageukia umati kwa sauti ambayo mimi nikiwa nayo ningeacha kazi ya kinyozi. "Mikono juu! Anapita mgonjwa! Taratibu, kama kombe!"

Na mikono ikapanda. Sitasahau mpaka naingia kaburini. Mlango uliondoka kwetu ukapita juu ya vichwa, mkono hadi mkono, umenyooka kama maji kwenye beseni. Ukimya ulitangulia mbele yake. Ulipofika, watu waliacha kuimba. Ulipopita, hawakuanza tena, walibaki wakiuangalia. Sisi tulijipenyeza nyuma tukiinama chini ya kwapa za watu. Gari la wachezaji lilikuwa limefika njia panda. Dereva alizima injini, na wale mabingwa wakasimama kimya juu yake, kombe limewekwa chini, mpaka dada akavuka.

Simu yangu ililia tukiwa katikati. Alikuwa mama, aliyekuwa nyumbani anaangalia sherehe kwenye televisheni.

"We mtoto," akasema, "huyo mwanangu anapelekwa wapi?"

Tulifika hospitali kwa dakika kumi na mbili. Daktari alikuwa na jezi nyekundu chini ya koti jeupe. Alisema shingo ni nzima, Mungu asifiwe. Mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, umevunjika, na bega limeteguka na kubana mishipa ya fahamu. Walilirudisha bega, na kufikia Jumapili asubuhi dada alikuwa anavihesabu vidole vyake kimoja kimoja kama mtoto wa chekechea.

Cheche alikuja siku hiyo na mkanda ndani ya mfuko wa unga. Aliuweka juu ya shuka, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Sistahili. Chukua, dada."

"Uliruka vizuri?" dada akamuuliza.

"Niliruka kabla ya wakati."

"Sijauliza wakati. Uliruka vizuri? Mgongo ulinyooka? Kidevu kilikuwa kifuani?"

"Ndiyo."

"Basi unastahili. Ulisikia ishara, ukaniamini, ukaruka bila kugeuka kunitazama. Ungenitilia shaka ungegeuka hewani, tungekuwa tunaongea mambo mengine leo." Akausukuma mkanda kwa mkono mzima. "Ishara ndiyo mbovu, na ishara niliiweka mimi. Tutatafuta nyingine. Sasa inuka, mama anakuja na uji, asije akakukuta unalia akadhani nimekufa."

Mama alikuja, akamgombeza saa nzima kuhusu magoti, umri na akili, huku anamlisha kijiko kwa kijiko. Dada aliumeza uji na maneno pamoja.

Hakupanda tena ulingoni. Hilo alikuwa ameshaliamua kabla, na bega lilikubaliana naye. Lakini miezi miwili baadaye, Cheche alipotetea mkanda wake kwa mara ya kwanza, viti mia sita havikutosha. Nusu ya waliokuja walivaa nyekundu na nyeupe. Yule mama wa ngoma alikaa mstari wa pili, akaniuliza mimi kwa dhati kabisa kama ngoma inaruhusiwa.

Dada alikuwa kwenye kona, bega limefungwa kitambaa, anatazama miguu ya Cheche tu. Nilipomtambulisha, ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi mpaka nikashusha kipaza sauti. Yeye alikunja uso, akanionyesha kwa kidole niendelee na kazi.